Kuinua IST kwa barabara za mchanga: spesa, springi au tairi?

MtuWaIsevya

Mwangaluka wakuu. Gari ni Toyota IST ya zamani, inavuta mbele, tairi 175/65R14. Kazi yake ni Tabora mjini kwenda vijiji vya Sikonge kufuata asali. Kwenye lami haina neno. Ukishaiacha lami ndipo shida inaanza: mchanga, halafu lile tuta la katikati linaloachwa na mafuso. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) inakwaruza, na mvua za Novemba haziko mbali.

Fundi mmoja anashauri spesa (vipande vinavyowekwa juu ya springi ili gari linyanyuke) za inchi mbili mbele na nyuma. Mwingine anasema nichomeke raba katikati ya springi, eti bei ni soda mbili. Naomba kujua inchi ngapi hazitaharibu gari, na kama kazi inafanyika nyumbani kwa jeki na boksi la spana.

Mkerezaji_TBR

Raba sahau kabisa. Ukiziba koili moja isicheze, mzigo wake unahamia koili jirani. Springi inakatika palepale raba inapoishia, na kwa kawaida inakatika ukiwa na mzigo porini.

Inchi mbili nazo sahau. Mbele ya gari hilo shokapu na springi ni kitu kimoja, na spesa inakaa juu yake. Maana yake gurudumu likining'inia kwenye shimo linashuka milimita 50 zaidi ya alivyokusudia mtengenezaji. Draivushafti, yaani ekseli inayozungusha gurudumu, inakaa kona kali, sivijointi (kiungo chake) ya ndani inavutwa karibu kutoka kwenye kikombe chake, boljointi (kiungo cha mkono wa chini na gurudumu) inafika mwisho. Miezi michache tu utaanza kusikia ta-ta-ta ukikata kona. Komea milimita 25.

Spesa nzuri ni ya aluminiamu iliyokerezwa, iwe na seti mbili za matundu: bolti za asili za shokapu zinaingia kwa chini na nati zake zinazama ndani ya spesa, halafu spesa ina bolti zake tatu za kupanda kwenye bodi. Bolti ziwe za milimita 8 zenye muhuri wa 8.8 kichwani. Ukimwona fundi anaunga bolti za asili kwa kuchomelea ili ziwe ndefu, chukua gari lako uondoke. Joto la kuchomelea linaua ugumu wa chuma, na rasta za barabarani (vile vijituta vya mfululizo) zitamaliza kazi.

Kwa nyumbani, mbele:

Legeza nati za gurudumu gari likiwa chini, weka vigingi nyuma, inua, kisha weka stendi. Tofali la kuchoma si stendi, linapasuka bila kuaga. Vua gurudumu. Fungua kibano cha hozi ya breki na waya wa ABS kwenye shokapu, halafu linki ya stablaiza. Kabla ya kugusa zile bolti mbili kubwa za chini (spana ya 17 au 19), chora mstari wa rangi pale chuma kinapokutana na chuma, ili ukirudisha usipoteze mkao wa gurudumu. Zikitoka, funga nakoo (chuma kinachobeba gurudumu) kwa waya isilale nje. Hapo ndipo wengi wanaharibu: nakoo inaanguka, draivushafti inachomoka ndani, grisi inamwagika, na hozi ya breki inabeba uzito ambao si wake.

Kisha nati tatu za juu ndani ya boneti. Kama zimefunikwa na plastiki ya waipa, ifungue kwanza. Ile nati ya KATIKATI usiiguse. Ndiyo inayoizuia springi iliyokandamizwa. Ukiifungua bila vibano vya springi inaruka kama risasi, na uso wako ndio uko karibu. Kwa kazi hii huna haja nayo hata kidogo.

Nyuma ni rahisi zaidi kwa sababu springi imesimama peke yake. Fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, shusha boriti inayounganisha magurudumu ya nyuma polepole kwa jeki huku ukiangalia hozi za breki, springi inatoka kwa mkono. Spesa inakaa juu, pamoja na raba yake ya asili.

Kaliua_Mizigo

Kabla hamjamkerezea spesa, mwulizeni anabeba nini. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo 28, si 20 kama ya maji. Ndoo kumi ni kilo 280, yaani watu wazima wanne, wote nyuma. Spesa haiongezi nguvu ya springi hata kilo moja. Inanyanyua tu mahali springi inapoanzia, basi.

Ndugu, fanya hivi. Egesha pasipo mteremko, gari tupu, upepo wa tairi sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne. Kulia na kushoto zikipishana zaidi ya sentimita moja, springi moja imelala. Mara nyingi ni ya mbele upande wa dereva. Kisha pakia ndoo kumi, chungulia nyuma uone nafasi iliyobaki kwenye raba ya kugotea.

MtuWaIsevya

Nimepima. Mbele kulia na kushoto zinapishana milimita 4. Nyuma ikiwa na ndoo kumi, raba ya kugotea imebakiza nafasi ya kidole kimoja.

Kaliua_Mizigo

Basi jibu unalo. Mbele springi ni nzima, nyuma zimechoka. Kidole kimoja kinaisha kwenye shimo la kwanza, gari linagota, na kila kishindo kinaenda kwenye bodi. Nunua springi mbili za nyuma, mpya au za mtumba zisizo na kutu kwenye koili ya chini, na zote mbili kwa pamoja. Ukiweka spesa juu ya springi iliyolala unaficha ugonjwa.

Na usiinue nyuma peke yake ukaiacha mbele: taa zitaangalia chini. Ukiinua mbele tu, unawapofusha wanaokuja. Ukiinua kote sawa, taa hazihitaji kuguswa.

BambaLaUjiji

Salamu toka Kigoma. Huku tuna udongo mwekundu na milima, lakini tuta la katikati ni lilelile. Naona mmesahau kwamba spesa inainua bodi na injini tu. Mikono ya chini mbele, upande wa gurudumu, inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinua kila kitu ni tairi. Toka 175/65R14 kwenda 175/70R14 kipenyo kinaongezeka milimita 17.5, kwa hiyo unapata karibu milimita 9 chini. Spidomita itadanganya asilimia 3: ikisoma 80 unakwenda 82. Ukienda 185/70R14 unapata karibu milimita 16, lakini zungusha usukani mpaka mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo, usikilize kama linasugua lana (plastiki za ndani ya madigadi).

Kwa sampu yenyewe weka bamba. Chuma cha milimita 3, sentimita 60 kwa 70, kina kama kilo 10. Cha milimita 2 kinatosha kwa mchanga na kina kilo 6 na nusu. Ukingo wa mbele ukunjwe kwenda juu kama mtumbwi, la sivyo utageuka jembe. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 chini ya sampu ili bamba likipigwa lisiigonge. Toboa tundu la kufungulia oili na matundu kadhaa ya hewa. Lishikwe kwa bolti kwenye krosimemba (boriti ya chuma chini ya injini), kamwe si kwenye sampu. Ukilazimika kuchomelea mabano, toa nyaya za betri kwanza, hasi ikitangulia.

Na kwenye mchanga mzito punguza upepo wa tairi hadi psi 18 au 20. Hiyo ni bure na inasaidia kuliko spesa. Beba pampu ya kurudishia kabla ya kukanyaga lami, maana tairi laini kwenye mwendo linachemka.

MtuWaIsevya

Nimeelewa: springi mpya nyuma, spesa za 25 mbele na nyuma, bamba la milimita 2. Tairi nitabadilisha hizi zikiisha. Swali la mwisho: hizo bolti za 8 zinakazwa kiasi gani, na alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu) ni lazima?

Mkerezaji_TBR

Lakini springi mpya zikishakaa nyuma, pima upya kabla ya kuchomeka spesa za huko. Huenda milimita 25 zikarudi zenyewe.

Bolti ya 8 yenye 8.8 inataka 25 Nm. Kama huna toki (spana inayopima nguvu ya kukaza), tumia racheti fupi kwa mkono mmoja. Ukishika bomba refu utaikata. Weka nati zenye nailoni. Bolti za bushi za mkono wa chini zilegeze, shusha gari chini lisimame kwa uzito wake, tikisa mara tatu, ndipo uzikaze. Ukizikaza gari likiwa juu, bushi zinakaa zimejisokota na kuchanika mapema.

Alaimenti ni lazima. Ili ufike kwa fundi bila kula tairi, nyosha usukani, pima kwa futi umbali kati ya matairi ya mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Tofauti ikizidi milimita 3, rekebisha tairodi (fimbo za usukani), pande zote mbili kwa mizunguko sawa. Rudia kukaza bolti zote baada ya kilomita 100, kisha 1,000.