Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba jimbo lako limegawanywa?

Mzee wa Kivule: Wadau, jana nimetumwa sukari nikakuta vijana dukani wanabishana, mmoja ananambia sisi Ukonga mwingine anasema Ukonga ilishabaki kule, siku hizi sisi ni Kivule. Nikacheka, maana mi mwenyewe tume ya uchaguzi walivyotangaza yale majimbo 8 mapya Mei 2025 sikusikia kitu, nilijua kwenye kampeni nilipoona mabango yana sura nisizozijua. Nyie mlijuaje?

Da Pili: Chamazi hapa. Mi niliambiwa na mume wangu, yeye dereva habari zote anaokota barabarani. Akasema tumeachana na Mbagala, nikamuuliza tumehama lini?

Kichwa Ngumu: 😂😂 tumehama lini

Karani Mstaafu: Mmenikumbusha sensa ya 2022, maana hayo majimbo yanatokana na vile vichwa tulivyohesabu. Nilikuwa Mbagala ndani ndani huko, kishikwambi betri asilimia kumi na moja, jua la saa nane. Naingia nyumba ya wapangaji, dada anakaanga chapati, namuuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Anataja watoto watatu na baba yao, dereva daladala, mkono wa kushoto kidole kimoja hana. Sawa. Kesho yake mtaa wa tatu dada mwingine, ananitajia jina lile lile, umri ule ule, dereva, kidole hana! Namuuliza una uhakika alilala hapa, ananiapia Mungu mmoja. Sasa nimekaa kwenye kigoda natoka jasho, huku nina kiapo cha siri huku sheria mtu anahesabiwa mara moja. Mara mlango unafunguliwa, baba mwenyewe huyo na funguo za gari, kuona kizibao changu akaganda. Akanivuta pembeni: "dada angu niandike popote, ila usiniandike kote." Na kumbe usiku wenyewe alilala gereji, gari lilimfia!!

Mzee wa Kivule: Weeee

Kichwa Ngumu: Kiapo gani hicho na umetumwagia yote

Karani Mstaafu: Jina nimetaja?

Mtoto wa Rombo: Mi siku hiyo nilikuwa kwenye msiba Kilimanjaro nikahesabiwa huko. Kwa hiyo barabara ya Kibamba naikanyaga mimi, kichwa changu kimewafaa wengine.

Kichwa Ngumu: Turudi kwenye mada. Dar tulihesabiwa 5,383,728, majimbo yalikuwa 10 sasa 12, kila mbunge anabeba watu kama laki nne na nusu. Zanzibar nzima 1,889,773 majimbo 50, hata elfu 38 kwa jimbo haifiki. Kura yangu mbona ya mkopo?

Mpemba wa Kariakoo: Ndugu yangu ule ni muungano, hatukuja kama mkoa. Na majimbo hayo hayo 50 ndo yanachagua na Baraza la Wawakilishi, ukiyapunguza unagusa na kule.

Kichwa Ngumu: Baraza ni lenu, bungeni Dodoma ndo nauliza mimi

Mpemba wa Kariakoo: Basi uliza na bara kwenu. Tume ilisema wastani wa jimbo mjini watu laki sita, kijijini laki nne. Mbona huyo wa kijijini humsemi?

Mtoto wa Rombo: Wa kijijini mwache, jimbo lake wakati mwingine wilaya nzima, mbunge akienda kata ya mwisho analala njiani. Katiba yenyewe haisemi watu tu, inataja na jiografia na mawasiliano.

Mzee wa Kivule: Mi nashauri 2032 mtu asisafiri, tuhesabiwe wote hapa hapa.

Mtoto wa Rombo: Hapana, nendeni makwenu, hapa mnajaza foleni tu

Kichwa Ngumu: Au zaeni. Wanahesabu watu, siyo wapiga kura, hata kichanga kimo

Mzee wa Kivule: Karani, yule baba mwishowe ulimwandika wapi?

Karani Mstaafu: Hapo sasa ndo kiapo

Da Pili: Karani samahani, hicho kidole ni cha mwisho au cha pete? Nauliza tu.