Chai ya asubuhi daina: ukae kaunta, ukae kwenye sofa, au ununue dirishani usepe?

Kipepeo_NJ: Wakuu salama? Nipo New Jersey, napiga shifti ya usiku, natoka saa kumi na mbili asubuhi njaa inauma balaa. Njiani kuna daina ya zamani, yaani ule mgahawa wa Kimarekani wa vyakula vya kawaida, ile ya mabati yanayong'aa kama behewa la treni, na ng'ambo ya barabara kuna fasti fudi unanunua dirishani bila kushuka kwenye gari. Nilinganishieni, nikiwa peke yangu nikae kaunta, nikae kwenye yale masofa ya kutazamana au ninunue nisepe zangu nikalale?

Mkaangaji: Kaunta mkuu, wala usijiulize. Unakalia kile kiti cha kuzunguka, kahawa inamiminwa hata menyu hujafungua, na ikipungua unaongezwa bei ile ile. Halafu daina nyingi za zamani jiko liko hapo hapo mbele ya macho yako, jamaa anatandaza viazi vilivyokwaruzwa kwenye bati la moto, anavikandamiza na mwiko mpaka chini vikauke viwe rangi ya kahawia, huku mkono mwingine unavunja mayai. Agiza ova izi, yai linageuzwa mara moja tu kiini kinabaki maji, unachovya tosti. Ukitaka kiini kikauke sema ova hadi.

MamaWawili: Sawa ila kaunta ni ya asiye na mtoto 😂 mimi na wangu lazima sofa, wakibanwa ukutani huko hawachomoki. Kwa wewe wa peke yako sofa si mbaya siku za kazi, lakini Jumapili asubuhi foleni iko hadi mlangoni halafu mtu mmoja amejiachia kwenye nafasi ya watu wanne na kikombe kimoja cha kahawa, watakuangalia vibaya na wana haki.

Baharia_wa_Nchi_Kavu: Nyie mnampamba tu. Dirishani dakika chache umeshaondoka, hakuna tipu, hakuna stori. Daina unaona bei kwenye menyu unafurahi, bili ikija kodi juu, tipu juu, ukishapiga hesabu umelipa karibu mara mbili ya ule mkate wa yai wa dirishani. Mtu katoka kazini amechoka anataka kulala sio kuongea na wazee wa kaunta.

Mkaangaji: @Baharia ule mkate yai lake limekaa kwenye joto saa ngapi? Hapa linavunjwa unaliona. Na hiyo tipu usiikwepe, sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea tipu alipwe dola 2.13 kwa saa, hiyo tangu 1991 haijaguswa. Jersey wako juu ya hapo lakini bado mtu anaishi kwa tipu. Asilimia 15 mpaka 20, na kama umekaa sana bili ikawa ndogo, ongeza.

Babu_Historia: Kipepeo, hilo si behewa, japo wengi wanadhani hivyo. Daina nyingi za aina hiyo ziliundwa kiwandani, tena viwanda vingi vilikuwa huko huko New Jersey, zikasafirishwa mpaka kiwanjani, ndiyo maana ni nyembamba na kaunta imekula nafasi kubwa. Na asili yake ni watu kama wewe, 1872 kule Providence, Rhode Island, Walter Scott alikuwa anauza chakula usiku kwenye gari la farasi, wateja wake wakubwa watu wa magazeti waliokuwa kazini muda ambao migahawa imefungwa.

Ukhti_Zaynab: Kuna jambo hamjalisema na mie kwangu ndilo la kwanza. Bati ni moja, bekoni na soseji za nguruwe zinakaangwa hapo, mayai hapo, viazi hapo, hata pankeki. Mie nikiingia naagiza mayai ya kuchemshwa kwenye maji, uji wa shayiri na tosti isiyopitishwa kwenye bati, siagi nipake mwenyewe. Na kwa hilo nakaa kaunta, kwenye sofa sahani inakuja tu hujui imepita wapi.

Kipepeo_NJ: Dah dada Zaynab umenifungua, mimi nakula vyote ila kuna mwenzangu wa kazini itabidi nimwambie. Basi kaunta siku za kazi. Kulipa je, namsubiri aje na mashine?

MamaWawili: Hapana, daina nyingi za zamani anakuachia karatasi ya bili pembeni ya sahani, unaipeleka mwenyewe kwa keshia pale mlangoni. Tipu iache kaunta, noti, maana kuna wengine kadi hawapokei kabisa. Na saa hizo zako za kumi na mbili usikae vile viti vya mwisho karibu na mlango wa jiko, utagongwa na trei mpaka ukome.