Mafundi mnaoshusha gia boksi kwa tone moja la oili, mmeosha injini kwanza?

Wakuu, salamu zitafuata, leo ni lawama tu. Fundi analala chini ya gari kuukuu, anaona tone linaning'inia pale injini inapokutana na gia boksi, anainuka na hukumu mkononi: "Sili ya nyuma ya krenki hiyo, tunashusha gia boksi." Inashushwa, sili (raba ya duara inayozuia oili pale krenki, shafti kuu ya injini, inapotokea nyuma) inabadilishwa, inapandishwa, na wiki haijaisha tone liko palepale. Mwenye gari akirudi anaambiwa sili ilikuwa feki. Hivi kweli?

Oili inafuata mteremko na upepo. Gasketi ya kifuniko cha tapeti, kile cha juu kabisa ya injini, ikikauka upande wa nyuma, ule usioonekana bila kioo cha mkononi, oili inatambaa nyuma ya silinda hedi, inashuka na blok, inapita juu ya kengele ya gia boksi (ganda lake pana linalofungwa kwenye injini) na kudondoka mahali pale pale ambapo sili ya nyuma ingedondoshea. Gari likitembea, upepo unaipaka kila kitu kuelekea nyuma. Ukifuata tone, umefuata mwisho wa safari.

Halafu kuna wanaoanza kufungua hata kabla ya kujua ni oili gani. Laza kadibodi safi chini ya gari usiku kucha. Nyekundu mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki au pawa stelingi. Nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya gia. Ya kahawia au nyeusi ndiyo ya injini, na hapo ndipo kazi inaanza.

Osha. Injini iwe vuguvugu, isiwe ya moto. Funika alteneta, distribyuta na mdomo wa hewa kwa mifuko ya nailoni, paka dawa ya kukata grisi, sugua kwa brashi, iache dakika 10, suuza kwa maji yasiyo na presha kubwa. Ikishakauka kabisa, nyunyiza poda nyeupe ya kawaida kwenye maungio unayoshuku, ila iweke mbali na mikanda. Washa injini dakika 15 hadi 20. Oili itachora mstari mweusi juu ya weupe, na utauona unapoanzia. Kama uvujaji ni wa polepole, tia rangi ya kung'aa ndani ya oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, endesha siku mbili tatu, kisha mulika gizani kwa tochi ya miale ya urujuanimno. Anza juu kabisa ushuke. Sehemu ya juu zaidi yenye unyevu ndiyo ya kushika kwanza.

Sasa hili ndilo linalokera kuliko yote: hakuna anayekagua injini inavyopumua! Gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia chini kwenye krenki. Inatakiwa itoke kupitia vali ya PCV, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, irudi kuchomwa. Kwenye injini kuukuu vali hiyo na hozi yake huziba kwa masizi. Presha inapanda, inatafuta penye udhaifu, inasukuma oili nje. Weka sili mpya kumi, zote zitalowa. Kipimo chake hakihitaji mashine: injini iwe sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), fungua mfuniko wa kujazia oili, laza kipande cha nailoni nyembamba juu ya tundu. Kikivutwa ndani kidogo, injini inapumua. Kikirushwa juu, ama njia imeziba au ringi zimechoka. Chomoa vali uitikise. Ikilia kachakacha, angalau haijaganda. Ikiwa kimya, tupa. Hozi nayo ipulize, isiwe imesinyaa au kujaa uji mweusi. Vali mpya na hozi safi zikishindwa kushusha presha, pima kompresheni kabla ya kugusa sili yoyote.

Na wale wa silikoni! Gasketi ya raba ya tapeti inataka tone dogo kwenye pembe na kwenye raba za nusu mwezi zinazoziba ncha za silinda hedi, basi. Nyinyi mnamwaga kama mnapamba keki. Ya ziada inakatikia ndani, inashuka sampu (bakuli la oili chini ya injini), inakaa kwenye chujio la pampu. Gari limeingia na tone, limetoka na taa nyekundu ya oili. Boliti za M6 za kifuniko hicho kwa kawaida zinataka takriban Nm 10 (kitabu cha gari ndicho mwamuzi), fundi anakaza kwa spana ndefu mpaka bati linapinda katikati ya boliti na gasketi inatoka kama ulimi.

Swichi ya oili ni rahisi mno, ndiyo maana inasahaulika: chomoa plagi yake ya waya, ukikuta oili ndani, swichi imekufa. Chini ya filta, angalia kama raba ya filta ya zamani haikubaki imeganda kwenye blok. Raba ya duara ya distribyuta na washa ya boliti ya kumwagia oili ni za dakika chache.

Sili za mbele, ya krenki na za kemu (shafti zinazofungua vali), msizichezee pale mkanda wa taiming uko jirani. Mkanda ulioloa oili unabadilishwa, haufutwi. Pitisha ukucha kwenye shafti inapogusana na sili. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja hata iwe bora namna gani, mpaka uiweke milimita 1 au 2 pembeni ya ule mfereji, kama nyumba yake inaruhusu, au uvishe shafti mkono mwembamba wa chuma.

Wa "weka oili nzito" na wa dawa ya kuziba, najua mnakuja. Dawa inavimbisha raba kwa muda. Gasketi iliyopasuka haivimbi ikaungana.

Fundi akishikilia ni sili ya nyuma, mwambie afungue kifuniko kidogo cha chini ya kengele akuonyeshe. Juu kukiwa kukavu na ndani kumeloa oili ya injini, haya, shusha. Ila gia boksi ikishakuwa chini, toa na flaiwili (gurudumu zito nyuma ya krenki), kagua vizibo vya mifereji ya oili nyuma ya blok na gasketi ya kishikio cha sili, maana ikirudi huvioni tena.