Tupeane uzoefu: gari za Kiitaliano za mtumba, uimara wake na gharama za kuzitunza

Mleta mada (Arusha)

Wakuu, habari zenu. Natafuta gari dogo la pili hapa nyumbani, la mke wangu kwenda kazini na kurudi. Kwenye minada ya Japan nimeona Fiat 500 nyingi za 2010 hadi 2014, kilomita chache, bodi safi, na bei si mbali na ya Vitz. Roho imezipenda. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza mtaani ananiambia niachane nazo, na nikimuuliza kama amewahi kumiliki, hajawahi hata kuiendesha.

Kwa hiyo naomba walionazo au waliowahi kuwa nazo, Fiat, Alfa Romeo, Lancia, popote mlipo. Injini gani, gia gani, spea mlipata wapi, na pesa ilienda wapi hasa. Za kusikia tuziweke pembeni.

FundiGerezani (Dar es Salaam)

Mkuu, sifa mbaya ya gari hizi ina chanzo chake. Miaka ya 1970 Alfasud ya Alfa Romeo na Lancia Beta zilioza bodi mapema mno, mpaka mwaka 1980 Lancia ikalazimika kununua tena baadhi ya Beta kutoka kwa wateja wake Uingereza. Jina likachafuka na halijasafishika, ingawa kutu ile ni ya zama nyingine kabisa.

Mimi ni fundi, na gari hizi zimepita mkononi mwangu kiasi cha kutosha. Swali la "Fiat ni imara au si imara" halina jibu. Uliza injini, kisha uliza gia.

Injini ya 1.2 ya valvu nane, wanayoiita FIRE, ukoo wake ulianza 1985 kwenye Autobianchi Y10. Ni injini nyepesi kueleweka, ina nafasi ya kuingiza mkono, na fundi yeyote mwenye akili timamu anaifungua. Ford Ka ya 2008 hadi 2016 ilitumia injini hiyohiyo, na ilitengenezwa kiwanda kimoja na Fiat 500, kule Tychy, Poland. Hii nakuruhusu.

TwinAir ni habari nyingine. Silinda mbili tu, sentimita za ujazo 875, na turbo. Ilitwaa tuzo ya Injini ya Kimataifa ya Mwaka 2011, na uhandisi wake naupenda kwa dhati. Lakini valvu za kuingiza hewa zinaendeshwa kwa msukumo wa oili, mfumo wa MultiAir. Maana yake oili si ya kulainisha tu, ni sehemu ya mashine. Kiwanda kinataka 0W-30 ya aina maalumu. Ukiweka oili ya kopo la bei poa, au ukichelewesha kubadilisha, yuniti ya MultiAir inaanza kusumbua, na ile hununuliwa nzima. Ulaji wa mafuta wa kwenye karatasi ni mzuri sana, ila wenye nazo wengi hawaufikii, kwa sababu injini ndogo yenye turbo ukiikanyaga inakunywa.

Sasa gia. Za Japan nyingi zina Dualogic. Watu wanadhani ni otomatiki, kumbe ni giaboksi ya kawaida yenye klachi ya kawaida, ila badala ya mguu wako kuna pampu ya umeme inayosukuma maji ya haidroliki. Klachi inaisha kama klachi nyingine yoyote, na ikibadilishwa lazima kompyuta ifundishwe upya mahali inaposhikia. Fundi asiye na programu inayozungumza na Fiat, mfano MultiECUScan, hawezi kuimaliza hiyo kazi. Atakufungia klachi mpya na gari litaendelea kurukaruka.

KM_Nairobi

Niongeze kuhusu mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, kwa sababu mimi yalinipata. Nilinunua gari ya Kiitaliano ya 2003 kutoka yadi moja hapa mjini, jina la yadi naliweka kando. Muuzaji aliniambia mkanda umebadilishwa kabla ya gari kuletwa. Hakukuwa na risiti wala stika kwenye injini. Mkanda ulikatika Mombasa Road asubuhi ya foleni, valvu zikagonga pistoni, na bili ya kichwa cha injini ikakaribia nusu ya bei niliyolipa yadi.

Wanaotafuta Alfa Romeo 147 au 156 zenye injini ya Twin Spark walijue hili: kitabu cha mwanzo kiliandika mkanda ubadilishwe kila kilomita 120,000. Baadaye muda huo ulikatwa ukawa 60,000. Gari iliyotunzwa kwa uaminifu kamili kulingana na kitabu cha zamani inaweza kuwa imechelewa kwa maradufu, na mwenyewe akuapie kwamba ana sevisi zote. Hakuna risiti ya mkanda? Toa gharama ya mkanda, tensheni na pampu ya maji kwenye bei, siku hiyohiyo ya mazungumzo.

Na Twin Spark ina plagi mbili kwa kila silinda. Plagi nane. Kumbuka hilo ukipiga hesabu ya sevisi. Ukiiwasha ikiwa baridi ikatoa mlio kama wa dizeli kwa sekunde chache, ujue varieta ya kemu, kile kifaa kinachobadilisha wakati wa valvu kufunguka, imechoka.

Mpwani (Malindi)

Huku kwetu Waitaliano tumeishi nao miaka mingi, na gari zao tunazijua. Ile Fiat Uno yangu niliinunua kwa mzee mmoja wa Kiitaliano, jirani yetu, alipokuwa anarudi kwao. Alikuwa na daftari: kila oili, kila plagi, tarehe na kilomita, kwa mwandiko wake. Sijapata kuona gari yenye historia safi kama ile.

Uno imenitumikia vizuri sana. Uzito wake mdogo, mafuta inanusa tu. Adui yangu ni chumvi ya bahari, inakula sakafu na mikunjo ya milango, kwa hivyo kuiosha chini kwa maji yasiyo na chumvi ni ada. Spea madukani hapa ni shida. Mie nategemea jamaa wanaosafiri, wananiletea vitu vidogo ndani ya sanduku: kebo, bushi, gasketi. Kitu kizito kikiharibika nasubiri. Kama hiyo gari ndiyo unayoitegemea kwa kazi kila siku, huko kusubiri kutakuumiza kuliko bei ya spea yenyewe.

DadaMilano

Kaka mleta mada, nakuandikia kutoka kunakotoka gari zenyewe. Nina Fiat Panda 1.2 ya 2011, nafanya kazi ya kulea wazee, naiendesha kila siku kwenda nyumba za watu. Panda ndiyo gari inayouzwa zaidi Italia kwa miaka mingi mfululizo, kwa hiyo kila gereji inaijua na spea za kutoka gari zilizokatwa zimejaa. Gari ileile niliyo nayo mimi kwa wepesi, wewe huko ungeiona ngumu. Hilo ndilo ninaloomba ulipime sana.

Kwa Waswahili wenzangu mlio huku: gari yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Kodi ya mwaka, bollo, inahesabiwa kwa kilowati za nguvu ya injini. Hapa Lombardia ni euro 2.58 kwa kilowati hadi kufikia 100, kwa gari za kiwango cha moshi cha Euro 4 na kuendelea. Panda yangu ina kilowati 51, naangukia euro 131 na senti. Ukihamisha umiliki, gari isiyozidi kilowati 53 inalipiwa kodi ya kiwango kimoja, euro 150.81, na juu yake nyongeza ya jimbo. Ikizidi hapo unalipia kila kilowati. Kwa hiyo yule anayekushawishi uchukue Alfa ya bei ya chini, mwambie mpige hesabu pamoja kwanza.

Kinachouma kuliko vyote ni bima. Anayekata bima kwa mara ya kwanza anaanzia daraja la 14, la ghali. Ila sheria inaruhusu mtu wa familia mnayeishi naye akupe daraja lake. Kama mumeo au dada yako ana daraja zuri na mpo kwenye hati moja ya makazi, ulizia kabla hujasaini.

Kaka_Reading (Uingereza)

Mimi nilikuwa na Alfa Romeo 159, dizeli ya 1.9. Watu hawaamini nikisema ilikuwa gari tulivu. Injini hiyo ilitumika pia kwenye Opel na Saab, kwa hiyo spea za injini nilinunua kwa jina la Opel na nikalipa kidogo.

Niliiuza kwa sababu ya London. Tangu Agosti 29, 2023, ada ya hewa chafu inatozwa kwenye mitaa yote ya jiji, pauni 12.50 kwa siku, na dizeli isiyofikia Euro 6 inalipa. Nilikuwa naenda kwa mama mdogo Croydon mara kwa mara. Gari haikuharibika, ila kuimiliki hakukuwa na hesabu tena.

Mlio huku, kabla ya kwenda kuangalia gari yoyote, ingiza namba yake kwenye historia ya serikali ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka. Ni bure, inaonyesha maili za kila mwaka na kila ilichofelishwa. Kwa Fiat 500 na Panda angalia kama wameandika kutu kwenye ekseli ya nyuma.

Mleta mada

Nawashukuru sana ndugu zangu, hasa dada wa Milano. TwinAir nimeiondoa. Fundi, kwenye mnada nimebakiwa na mbili: 1.2 ya Dualogic ya 2012, na moja yenye gia za mkono, kilomita nyingi zaidi. Ungekuwa unamnunulia mke wako, ungechukua ipi?

FundiGerezani

Ya mkono, bila kufikiri mara mbili. Ukiing'ang'ania Dualogic, mwombe wakala akutumie video: gari limelala usiku, afungue mlango wa dereva na kunyamaza. Pampu itanguruma kidogo kisha itulie. Gari likiwa limewashwa, pampu ikawa inaanza kila baada ya muda mfupi bila gia kuguswa, akumuleta, kile kitungi kinachohifadhi presha, imechoka. Achana nayo.

Halafu rimu. Fiat 500 ni 4x98, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 98, gari nyingi ndogo za Kijapani ni 4x100. Tofauti huioni kwa macho, na mtu wa tairi atakulazimishia. Usikubali. Hazifungwi kwa nati bali kwa bolti, kwa hiyo hakikisha zinakuja zote, pamoja na ufunguo wa ile ya kuzuia wizi kama ipo. Tairi la akiba nyingi hazina, zina dawa ya kuziba tu. Kwa barabara za vumbi za huko kwenu, tafuta tairi la tano mapema.

Mleta mada

Sawa mkuu. Mnada wa ile ya mkono ni Alhamisi. Ushuru nimeshaupiga kwenye kikokotoo cha TRA, pamoja na ule wa uchakavu. Mwenye kumjua fundi mwenye MultiECUScan Arusha au Moshi aniandikie kabla ya siku hiyo, maana nisipompata sitaweka dau.