Kwa nini shule za umma zinaachwa nyuma na shule za binafsi?

Mzazi wa Wawili

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, maana mara nyingi likiguswa huishia kwenye lawama. Nina watoto wawili waliopishana mwaka mmoja. Mkubwa anasoma shule ya umma; mdogo, kwa msaada wa mjomba wake, anasoma shule ya binafsi. Juzi jioni niliyaweka madaftari yao ya hisabati mezani, moja kando ya jingine. La mdogo lina kalamu nyekundu karibu kila ukurasa, na palipo na kosa mwalimu ameandika hatua iliyorukwa. La mkubwa lina kurasa kumi na moja mfululizo ambazo hazijaguswa na mtu. Kosa la kugeuza sehemu kuwa desimali limeanza ukurasa wa kwanza na limeendelea hadi wa mwisho bila yeyote kumwambia kwamba anakosea.

Shule zote mbili zinafuata mtaala mmoja, na mtihani wa mwisho ni uleule. Walimu wa shule ya umma, kwa kadiri ninavyowafahamu, wamesomea kazi yao kikamilifu na baadhi yao wamewazidi uzoefu wenzao wa binafsi. Basi tofauti inatoka wapi? Ni fedha, ni walimu, ni usimamizi, au ni sisi wazazi? Ningependa sana kusikia kutoka kwa wanaofanya kazi ndani ya shule hizo.

Mpima Mizani

Ndugu Mzazi, kabla ya kutafuta sababu ya pengo, ni vizuri tuulize kwanza kama pengo lenyewe ni kubwa kiasi tunachoonyeshwa kwenye orodha za matokeo. Shule nyingi za binafsi hufanya usaili kabla ya kumpokea mtoto, na hata ile isiyofanya usaili ina mchujo mwingine usioandikwa popote, ambao ni ada. Mtoto anayevuka mchujo huo kwa kawaida anatoka nyumba yenye vitabu, yenye chakula cha asubuhi, na yenye mtu mzima anayeweza kumsaidia kazi za nyumbani. Zipo pia shule ambazo mwanafunzi dhaifu hushauriwa kwa upole kuhama au kukariri darasa mwaka mmoja kabla ya mtihani wa taifa, kisha shule hujitangaza kwamba haina aliyefeli. Hapo sioni muujiza wowote wa ufundishaji. Ni hesabu ya kutoa tu.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Ripoti ya James Coleman ya mwaka 1966 nchini Marekani, iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, ilionyesha kwamba hali ya nyumbani ilikuwa na uzito mkubwa katika matokeo ya mtoto kuliko majengo na vifaa vya shule. Upimaji wa PISA, yaani mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, nao umeonyesha mara kwa mara kwamba ukizingatia hali ya kiuchumi ya familia, ubora unaodhaniwa kuwa wa shule za binafsi hupungua sana, na katika nchi nyingi hutoweka kabisa.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni ule wa jimbo la Andhra Pradesh, India, uliochapishwa mwaka 2015 na Muralidharan na Sundararaman, kwa sababu watoto waliolipiwa ada ya shule za binafsi walichaguliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka minne, watoto hao hawakuwa wamewazidi wenzao katika hisabati wala katika Kitelugu, lugha ya jimbo hilo. Walichowazidi wazi ni Kihindi, somo ambalo shule za umma za msingi hazikuwa zikilifundisha. Hata hivyo, sitaki kuficha upande wa pili wa utafiti huo: shule za binafsi zilifikia matokeo hayo kwa gharama isiyofika theluthi moja ya ile iliyotumika kwa kila mtoto katika shule za umma, na zikatumia muda mchache zaidi katika masomo hayo mawili.

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha hisabati katika shule za umma kwa miaka kumi na sita, kwa hiyo niruhusuni nijibu kuhusu lile daftari, kwa kuwa huenda ni mimi ninayesemwa. Nina wanafunzi 84 katika mkondo mmoja. Nikitumia dakika mbili tu kwa kila daftari, kazi ya siku moja inahitaji dakika 168, yaani karibu saa tatu, na huo ni mkondo mmoja kati ya mitatu niliyo nayo. Mwenzangu mwenye wanafunzi 25 anamaliza kazi hiyohiyo kabla ya saa moja, kisha anabaki na nguvu ya kuandika ile hatua iliyorukwa. Ongezeni juu yake fomu za takwimu, vikao na usimamizi wa shughuli zisizohusu masomo ambazo hushushwa kutoka juu kwa barua ya siku moja. Mwalimu wa binafsi anaweza kufanyishwa kazi nyingi, nakubali, lakini ni nadra aondolewe darasani katikati ya kipindi.

Kuhusu ukubwa wa darasa, jaribio la jimbo la Tennessee, Marekani, lililoanza mwaka 1985 liliwagawa watoto wa madarasa ya awali kwa bahati nasibu, wengine katika madarasa ya wanafunzi 13 hadi 17, wengine katika yale ya 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi. Wakati mwingine mimi hucheka peke yangu nikikumbuka kwamba darasa lililoitwa kubwa katika jaribio lile, kwangu mimi lingekuwa likizo.

Ndugu Mpima Mizani, nakushukuru, lakini hitimisho la Coleman lisichukuliwe jinsi lilivyo na kubandikwa kila mahali. Mwaka 1983 watafiti Heyneman na Loxley walilinganisha nchi nyingi, wakaona kwamba kadiri nchi inavyokuwa maskini ndivyo ubora wa shule na mwalimu unavyokuwa na uzito zaidi kwa mtoto. Mtoto asiye na kitabu nyumbani hana pa kukimbilia isipokuwa shuleni. Uganda ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 1997, na Kenya mwaka 2003, watoto walifurika madarasani, na ilikuwa haki yao kufurika. Walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Shule ya binafsi ikijaa huandika langoni kwamba nafasi zimekwisha. Sisi hatuna ruhusa ya kuandika hivyo, na binafsi sitaki tuwe nayo.

Msimamizi wa Shule

Mimi naendesha shule ya binafsi, na nitasema yale ambayo wenye shule hatupendi kuyasema. Walimu wangu wengi wanalipwa chini ya mshahara wa serikali, na wengi hawana uhakika wa ajira. Ajira za serikali zikitangazwa, naweza kupoteza walimu watatu katikati ya muhula. Kwa hiyo anayedhani kwamba siri yetu ni mishahara minono, isipokuwa katika shule chache za matajiri, amekosea.

Siri, kama ipo, ni ukaribu wa lawama. Mzazi akiona kurasa kumi na moja hazijasahihishwa, kesho yake saa mbili asubuhi yuko ofisini kwangu, na ninajua kwamba nisipomridhisha ataondoka na ada yake. Mimi nami naweza kumwita mwalimu siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu wa shule ya umma hamwajiri mwalimu, hamhamishi, na mara nyingi hawezi hata kumwajibisha mtoro bila faili kuzunguka meza kadhaa.

Kenya walifanya majaribio ya walimu wa mkataba yanayonifikirisha hadi leo. Walimu hao walipoajiriwa na kusimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, matokeo ya watoto yalipanda. Mpango uleule ulipoendeshwa na serikali, faida hiyo haikuonekana. Mkataba wenyewe ulikuwa uleule. Aliyebadilika ni msimamizi. Nakubaliana na Mwalimu kwamba hakuna usimamizi utakaozaa saa za ziada katika siku, ila na yeye atakiri kwamba wapo wenzake wenye wanafunzi thelathini ambao madaftari yao hayasahihishwi pia.

Mwalimu wa Zamu

Wapo, nakiri. Na wanaoumia zaidi kwa ajili yao ni sisi tunaofundisha darasa linalofuata.

Mpima Mizani

Niongeze jambo moja juu ya hoja ya ukaribu wa lawama, kwa sababu ina upande mwingine. Chile ilianza mwaka 1981 kutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi, akasome shule ya umma au ya binafsi, kwa matumaini kwamba ushindani ungezinyanyua shule zote. Uchunguzi wa Hsieh na Urquiola, uliochapishwa mwaka 2006, haukuona kwamba wastani wa matokeo ulipanda. Waliona kwamba familia zenye uwezo ndizo zilizohama shule za umma. Wazazi wenye sauti wakiondoka, wanaobaki ni wale ambao hawajui kwamba wana haki ya kuuliza, au hawana nafasi ya kupoteza kibarua cha siku ili wakaulize.

Mzazi wa Wawili

Nawashukuru nyote. Maneno ya mwisho ya Mpima Mizani yalinichoma kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta njia ya kumhamisha yule mkubwa. Jana nilikwenda shuleni kwake na daftari mkononi. Mwalimu hakukasirika. Alinionyesha marundo matano yaliyofungwa kwa kamba, akanieleza kwamba husahihisha safu moja kwa siku, na kwamba safu ya mwanangu ni ya Alhamisi. Alhamisi mbili zilizopita alikuwa kwenye kikao cha takwimu, na ile iliyotangulia alikuwa mgonjwa. Nilimwonyesha kosa la desimali; akalitazama, akafungua madaftari mengine manne ya safu ileile, na matatu kati yake yalikuwa na kosa hilohilo. Ameahidi kulirudia ubaoni Jumatatu kwa darasa zima.