Nani aliwatuma watafsiri Kinorwei? Wameniharibia The Thing

Wakuu, nina hasira na usingizi umegoma, kwa hiyo mtanivumilia. Kama hujawahi kuiona The Thing, filamu ya kutisha ya John Carpenter, ile ya 1982, ishia mstari huu hapa, urudi ukishaiona. Sitaki kumfanyia mtu nilichofanyiwa mimi.

Miaka nenda miaka rudi nimekuwa naikwepa hii muvi kwa makusudi. Sisomi uchambuzi wake, sitazami vipande vyake, mtu akianza kuisimulia nainuka. Nilichojua ni kwamba kuna wanaume 12 kambini Antaktika, baridi kali, na kuna kitu kimeingia kati yao. Basi. Juzi nikasema leo ndiyo leo. Nikalipia huduma moja ya filamu mtandaoni (siitaji, wenyewe wanajijua), nikazima taa, simu nikaitupa chumba cha pili, nikakaa.

Dakika chache tu, wakaniua.

Inaanza hivi: theluji tupu, mbwa anakimbia, helikopta iko juu yake, na jamaa wa Kinorwei aliyemo anamlenga kwa bunduki, anakosa, anakosa tena. Hujui kosa la mbwa. Unamwonea huruma, na kweli ni mbwa wa kupendeza. Anaingia kambi ya Wamarekani, anamrukia mmoja na kumlamba uso. Yule Mnorwei anakuja nyuma na bunduki, anafoka kwa lugha yake, anafyatua, anamjeruhi mtu mguuni, na mkuu wa kambi anamlaza chini kwa risasi kutoka dirishani. Kambi nzima hakuna anayejua Kinorwei. Mbwa anapewa hifadhi.

Mnaona utamu wake? Yule mtu alikuwa anawaonya. Alisema kila kitu, waziwazi, kwa sauti, wakamuua kwa kuwa hawakumwelewa. Na wewe mtazamaji hukumwelewa pia, uko upande wa mbwa kama wao. Filamu haina tafsiri mahali pale. Toka 1982 waliokuwa wanaibiwa uhondo ni Wanorwei peke yao, nao poleni sana.

Sasa hawa mabingwa wa hiyo huduma wameweka maandishi ya tafsiri. Herufi nyeupe, kubwa, katikati ya theluji: huyo si mbwa, ni kitu kinachojifanya mbwa. Nikabaki nimekodoa macho. Nimekaa miaka yote hiyo nikiziba masikio, halafu wanaonimwagia siri ni haohao niliowapa hela!

Baada ya hapo kuna kipande mbwa anatembea kwenye korido. Habweki, hanusi, hatikisi mkia. Anakwenda taratibu, anasimama mlangoni, anatazama, anaingia chumba ambacho ukutani kuna kivuli cha mtu, na kile kivuli kinageuza kichwa. Hakuna damu, hakuna kelele. Yule mbwa aliitwa Jed, alikuwa na damu ya mbwa mwitu, na kwa utulivu ule angestahili tuzo. Kwa mtu asiyejua kitu, pale ndipo ubaridi unapoanza kupanda mgongoni polepole bila kujua umetokea wapi. Mimi nilikuwa nakagua tu kama maandishi yalisema kweli.

Kuna mtu atakuja hapa na hoja kwamba ukijua mapema ndipo hofu inapozidi. Sawa, ipo hofu ya namna hiyo. Siyo niliyoilipia.

Hayo ni ya kwanza. Filamu ilipigwa kwa picha pana, ile ya 2.35 kwa 1, yaani upana ni mara 2.35 ya kimo. Hawa wameikuza ili ijaze skrini nzima, maana yake karibu robo ya picha imeliwa pembeni. Kwenye filamu nyingine ningesamehe. Hii yote ni habari ya kuhesabu watu, maana kile kitu kinaweza kujifanya hata mtu! Nani yuko chumbani, nani katoka, nani kasimama nyuma ya nani. Fika kwenye kipimo cha damu: watu wamefungwa kamba kwenye sofa, MacReady, rubani wa kambi, anachovya waya wa moto kwenye kisahani kimoja kimoja cha damu zao kuona ipi si ya mtu, na macho yako yanaruka kutoka uso hadi uso. Kwangu mimi jamaa wa mwisho wa sofa alikuwa nusu shavu na sikio. Nani alikutwa na damu mbaya sitamtaja, mimi sina roho hiyo.

Najua mtaniambia kanda za video nazo zilikuwa zinakata picha. Ni kweli, na nyakati hizo televisheni zilikuwa na umbo la sanduku, walikuwa na sababu. Tena kanda hizohizo ndizo zilizoifufua, kwa sababu ilipotoka, wiki mbili tu baada ya E.T., ile filamu ya kiumbe mpole kutoka anga za mbali, wahakiki waliiponda vibaya. Leo skrini ni pana, sababu yenu ni ipi?

Ile setingi ya luninga ya kulainisha mwendo ni kosa langu, nilisahau kuizima. Inabuni picha za ziada kati ya picha na picha, na kiumbe kinateleza kama tangazo la sabuni. Rob Bottin, aliyetengeneza viumbe vya filamu, aliingia kazi hii akiwa na miaka 22 hivi, akafanya kazi siku 7 kwa wiki hadi akalazwa kwa uchovu, ili mpira na jeli vionekane vina uhai. Kifua cha mgonjwa kinapofunguka na kuitafuna mikono ya daktari unatakiwa urudi nyuma na kiti chako. Usisahau kuizima.

Nikasema basi, angalau mwisho nitaupata mzima. Wamebaki wawili, kambi inaungua, kuna chupa moja, hakuna anayejua kama mwenzake ni mtu. Wanatazamana. Muziki wa Ennio Morricone unarudi, ule unaodunda kama moyo. Sekunde hiyohiyo picha ikasinyaa ikawa ukubwa wa stempu kwenye kona, na skrini nzima ikajaa katuni ya watoto. Ya mbwa. Inaanza baada ya 5, 4, 3...

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba maandishi naweza kuyazima mwenyewe. Sasa nitayazima vipi kabla sijajua yapo?

Mwenye diski ya toleo lenye picha pana, lisilotafsiri Kinorwei, aniambie ni toleo gani. Nina mdogo wangu hajaiona bado, na huyo namlinda kwa gharama yoyote.