Tupeane uzoefu: dawa za mafuta kwenye jenereta, pampu, chenso na pikipiki, zinasaidia au tunapigwa?

Mleta mada, Uyole

Wakuu habari za baridi. Mi nina steshenari hapa Uyole na kajenereta ka petroli ka kva 2.5, nilikanunua enzi za mgao. Sasa tangu Bwawa la Nyerere lianze kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024 mgao umepungua, jenereta likabaki kona limefunikwa gunia, hata kulipiga stata kulizoesha sikukumbuka. Juzi umeme umekatika, mteja ana fomu za kuchapa na anawahi basi, navuta kamba, navuta kamba, bega linataka kutoka, wapi. Nikaita fundi, kafungua kabureta ananionyesha utando wa njano kwenye bakuli kama gundi ya viatu, kasafisha, nikampa hela yake. Likawaka siku mbili likarudi kulekule.

Ndo kuna dogo Mwanjelwa akaniuzia chupa ya dawa ya mafuta, anasema unamimina kwenye tenki tu, uchafu wote unayeyuka, injini inakuwa kama imetoka dukani. Nimemimina, limewaka kwa kukohoa, likazima, halijawaka tena. Mafuta ninayotumia ni ya akiba, nilijaza lita 20 ile wiki ya kusubiri EWURA watangaze bei, si mnajua Jumatano ya kwanza ya mwezi kila mtu anakimbilia sheli na dumu. Sikumbuki ilikuwa mwezi gani ila mwanangu alikuwa darasa la saba, saa hizi yuko form two.

Sasa waliotumia hizi dawa huku kwetu milimani mseme. Msinipe ya kusikia kijiweni, nataka ya kwako mwenyewe.

Nyanya za Ilula

Kamwene mkuu. Ugonjwa wako umeuandika mwenyewe hapo kwenye habari ya mafuta ya akiba. Hayo mafuta ni mzee.

Mi nina pampu mbili za maji za petroli, nalimia nyanya kiangazi, mvua zikianza pampu zinalala miezi mitano au sita. Msimu wangu wa kwanza nililaza pampu na mafuta yake ndani, kuja kuiamsha haitaki, mafuta yamebadilika rangi na yananuka kama vanishi ya makochi. Nikafanya kama wewe, nikanunua dawa nikamwaga juu ya yaleyale. Haikusaidia hata senti, na miche ilikuwa inanyauka naiona.

Baadae ndo nikaelimika. Petroli ikikaa inakutana na hewa inaoza taratibu, vile vyepesi vinavyoshika moto haraka vinaruka, vinavyobaki vinageuka utando, na kabureta ina jeti, kile kinjia cha kupitisha petroli, yenye tundu kama la sindano, utando kidogo tu umeziba. Mwezi mmoja mpaka mitatu inatosha kuanza kuharibika, hasa kwenye dumu lisilojaa. Ziko dawa za kutunza mafuta, na ziko dawa za kusafisha, watu wanachanganya. Ya kutunza unaiweka mafuta yakiwa mapya, siku umetoka sheli, inachelewesha kuoza. Mafuta yaliyokwisha kuoza hairudishi, ni kama kuweka chumvi kwenye samaki aliyekwisha kunuka.

Na ukiiweka usizime hapohapo. Washa injini iungurume dakika kumi hivi ili yale yenye dawa yafike kwenye kabureta, maana ukiacha ya tenki yana dawa na ya kwenye bakuli hayana, bakuli ndo litakalokuumiza. Mi siku hizi sihangaiki sana, nafunga koki ya mafuta, naiacha injini inywe mpaka izime yenyewe, halafu nalegeza ile skrubu ya chini ya bakuli matone yaishe. Bure kabisa. Dawa naweka kwenye dumu la akiba tu.

Kwahiyo fundi wako hakukuibia mkuu, alisafisha, we ukarudisha uji uleule.

Mleta mada, Uyole

Duh. Kweli nilirudishia kwenye dumu lilelile.

Mbao Mafinga

Mi yangu ni ya kulia. Tunavuna mbao, mashamba ya watu binafsi pembeni ya msitu wa Sao Hill, chenso nne, ile misumeno ya injini. Chenso haina oili ya chini kama pikipiki, oili ya injini yake ni ile unayochanganya na petroli, injini haina nyingine. Chenso zangu kitabu kinasema moja kwa hamsini, yani lita 5 za petroli unaweka mililita 100 za oili ya tu-stroku. Kwa oili ambazo sio za hadhi wanayotaka wao wanakwambia moja kwa ishirini na tano, mililita 200. Hayo vijana wote walikuwa wanajua kichwani.

Sasa mi kwa ujuaji nikaleta dawa ya kusafishia injini, nikaitoa kwenye kopo lake nikaihamishia kwenye chupa ya soda ili wasiiuze. Na oili nayo ilikuwa kwenye chupa ya soda! Zote zina wekundu wekundu. Asubuhi giza, ukungu wa Mufindi unaujua, dogo kapima vizuri kabisa mililita 100 kwa kizibo, katikisa dumu, kajaza chenso. Kapima dawa badala ya oili.

Cha ajabu iliwaka vizuri kuliko siku zote. Mlio mkali, inakata mti kama sabuni, wenzake wakawa wanasema hiyo dawa ya bosi ni kiboko. Nusu tenki haikuisha ikakaza, kamba haivutiki. Tulipofungua pistoni ina mistari kama imekwaruzwa na paka, ringi zimeshikana, silinda nayo kwishnei. Pistoni na silinda mpya, na siku tatu mtu kakaa.

Dogo sikumkata hela maana kosa langu. Ile oili inatiwa rangi makusudi ili ukiona mafuta kwenye dumu ujue yamechanganywa au bado, we ukileta kitu kingine chekundu kwenye chupa ya soda umeua maana yote. Sasa hivi dawa haikanyagi porini. Ikibidi, nachanganya mwenyewe nyumbani, oili kipimo chake kamili kwanza halafu dawa juu yake. Dawa haichukui nafasi ya oili hata tone.

Zile dingdong, mashine za kupasulia mbao, zinakula dizeli, huko ni habari nyingine.

Mdau

Mi naweka petroli tu, mwaka wa nane huu. Mnajitafutia magonjwa.

Mama Mashine, Igurusi

Huko kwenye dizeli nipo mimi, wanaume msijione mko peke yenu. Nina mashine ya kukoboa mpunga. Mwaka juzi katikati ya msimu, magunia yamepangwa mpaka barabarani, injini ikaanza kugonga na kutoa moshi mweusi, nguvu hakuna. Fundi anataka hela ya nozo, ile inayorushia dizeli ndani ya injini, duka linataka kuniuzia dawa ya nozo, kila mtu ananitazama mfuko.

Marehemu baba alikuwa dereva wa malori, alinifundisha kitu kimoja, mafuta ukiyatilia shaka yaweke kwenye chupa nyeupe yalale usiku. Nikafanya. Asubuhi nakuta chini kuna maji vidole viwili yametengana kabisa na dizeli. Mafuta ya dumu la barabarani hayo. Nikamwaga yote, nikabadilisha chujio, nikaanza kununua sheli na kuyaacha dumu litulie kabla ya kumimina, na ile ya chini kabisa simimini.

Hapo ikarudi karibu yote ila moshi ulibaki kidogo. Ndo nikanunua ile dawa ya nozo nikatumia kwa kipimo chake kwenye tenki tatu mfululizo, na niseme ukweli moshi ulipungua na ule mlio wa kugonga ukaisha. Sio muujiza, sio siku moja. Ila ningeanza na dawa na maji yapo ndani ningekuwa nimetupa hela. Na muangalie chupa imeandikwa nini, ya petroli haiendi kwenye dizeli, mwenzangu mmoja Chimala nusura.

Mzee wa Tukuyu

Mwagonile. Nyie vijana mna chupa, sisi tulikuwa tunatia vidonge vya naftalini vya kabatini kwenye tenki la pikipiki, eti inaongeza mbio. Kwenye joto sijui, ila huku kwetu baridi ikiingia vinaganda tena chembechembe, vinaenda kukaa kwenye jeti. Nimewahi kusukuma pikipiki kutoka karibu na Isongole na mvua juu. Msijaribu.

Na kile kipindi cha uchakachuaji, kabla EWURA hawajaanza kuweka vinasaba, ile alama ya kugundua yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010, na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa 2011, petroli ilikuwa na mafuta ya taa ndani mpaka unanusa. Plagi zilikuwa zinakufa kama inzi. Dawa gani ingesaidia pale?

Boda wa Makete

Mzee umenichekesha. Mi nilinunua pikipiki mkononi Dar, kule inaenda safi. Kuifikisha Makete ikawa mlevi, kwenye mlima inabanwa, inakunywa mafuta, plagi nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Nimemwaga dawa chupa tatu, za bei tofauti, kila muuzaji anasema ile ya kwanza ilikuwa feki.

Fundi mmoja Njombe, hata hakufungua mengi, akauliza tu chombo kimetoka wapi. Nikamwambia pwani. Akacheka. Huku juu hewa ni nyembamba, kabureta imepangwa kwa hewa nzito ya baharini, inamwaga petroli kipimo kilekile wakati hewa ya kuiunguza haitoshi, ndo masizi. Akaweka jeti yenye tundu dogo zaidi, akarekebisha na skrubu ya hewa. Imekwisha. Akanionya nikirudi nayo Dar nirudishe jeti ya zamani, maana kule itakuwa na mafuta kidogo kuliko hewa na injini itachemka.

Tope kwenye kabureta dawa inaweza kugusa. Mlima haiwezi kuuyeyusha.

Mleta mada, Uyole

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimemwaga yote, ya tenki na ya dumu. Fundi kayaomba ya kuoshea vyuma, nikampa kwa masharti asimuuzie mtu wa boda. Kabureta imesafishwa tena, plagi mpya, petroli lita 3 za sheli za leoleo. Kamba ya tatu likawaka, halikohoi.

Ila kuna kitu kimebaki. Fotokopi ikianza kupasha moto, taa zinapepesa na jenereta linalalamika kama linataka kuzima. Na vitabu vinaonyesha linatakiwa kuiweza.

Boda wa Makete

Ni mlima huohuo kaka. Vitabu vya hizi injini vinasema nguvu inapungua kama asilimia 3.5 kila ukipanda mita 300, hata ukibadilisha jeti. Mbeya mko kama mita 1,700, piga hesabu, karibu moja ya tano imeishia njiani. Hiyo 2.5 yako huku ni kama 2.

Mleta mada, Uyole

Haya nimeelewa, fotokopi nitaiwasha peke yake. Akiba sasa hivi naweka lita 5 tu, dumu limejaa mpaka juu, dawa ya kutunza imeingia siku ileile na tarehe nimeandika ubavuni kwa maka peni. Yule dogo wa Mwanjelwa nimempitia leo kumpa taarifa ya dawa yake. Anasema kosa nilinunua chupa ndogo.